Vipindi 5 vya podikasti vya kusikiliza ukiwa unafunga mizigo

Leo sina mbinu mpya ya kupiga picha wala ya kuongeza wafuasi. Nimewaletea vipindi vitano vya kusikiliza. Subiri kwanza, usipite. Nitakwambia kwa nini.

Mimi nauza viatu vya watoto na nguo za mtumba, niko hapa Misugusugu, Kibaha. Mzigo nachukua Dar, Karume na Kariakoo, na wateja wangu wengi sijawahi kuwaona kwa macho. Siku moja mteja wa Singida akaagiza jozi nne za viatu, 85,000 pamoja na nauli ya mzigo. Meseji ya malipo ikaingia. Bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki nje, ananiita, "Dada, gari linaondoka!" Nikampa mzigo. Jioni naangalia salio, hakuna kitu. Kuisoma vizuri ile meseji, kumbe imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Ameiandika mwenyewe, akaipanga ifanane na ya mtandao wa simu. Nikapiga, haipatikani.

Hela iliniuma, lakini kilichofuata ndo kilikuwa kibaya zaidi. Kama wiki mbili hivi kila mteja mpya nilimwona tapeli. Mtu anauliza tu "hii bei gani?" mimi namjibu kama nagombana naye. Oda zikapungua, na sikuwa na wa kumlaumu. Mdogo wangu akaona hali, akaniwekea programu ya podikasti kwenye simu. Akaniambia, "Dada, sikiliza hivi ukifunga mizigo, angalau uache kuwaza."

Kwa ambao hamjazoea: podikasti ni kama kipindi cha redio, ila wewe ndo unaamua saa ya kukisikiliza. Unapakua, unaweka hedifoni, mikono inaendelea na kazi. Nimesikiliza vingi vya teknolojia na utamaduni, vingine nimeviacha katikati. Hivi vitano nimevirudia. Na nilichogundua ni kwamba vyote, hata vile vinavyozungumzia mashine, vinarudi kwenye swali letu sisi wauza mtandaoni: mtu asiyekuona atakuaminije, na wewe utamwaminije?

Twende kimoja kimoja.

1. KUUZA KWA MTU ASIYEKUONA

Kipindi kinahusu katalogi ya kuagizia bidhaa kwa posta. Kiko kwenye mfululizo wa BBC World Service unaoitwa 50 Things That Made the Modern Economy, ulioanza 2016. Mtangazaji ni mchumi Tim Harford. Vipindi vyake ni vya dakika tisa au kumi, yaani ukimaliza kufunga viatu jozi tatu na chenyewe kimeisha.

Kisa ni hiki. Mwaka 1872, Chicago, Marekani, jamaa mmoja anaitwa Aaron Montgomery Ward alichapisha karatasi moja yenye orodha ya bidhaa na bei zake, akawapelekea wakulima wa vijijini. Wakulima hao walikuwa wamechoka kununua kwa bei kali kwenye duka pekee la kijiji. Ward alinunua kwa jumla, akauza kwa barua, mzigo ukasafiri kwa treni. Hana duka la kuingia mteja, hana kaunta. Ni sisi kabisa, miaka 150 iliyopita!

Unajua walimwitaje? Tapeli. Gazeti la Chicago Tribune liliwaonya wakulima wasimwamini, kwa sababu bei zake zilikuwa nafuu mno na hakuna aliyemwona akiuza. Baadaye gazeti likasahihisha kauli yake. Na mwaka 1875 Ward akaweka ahadi ambayo leo tunaiona ya kawaida: usiporidhika, unarudishiwa hela yako.

Hapo nilisimamisha kipindi nikajicheka. Sisi tumekulia kwenye maduka yenye kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi", na mimi kibao hicho nilikihamishia kwenye ukurasa wangu bila kufikiri. Sasa jiulize, mteja wa dukani ameshika kiatu, amekigeuza, amempima mtoto. Mteja wangu wa Tabora ameona picha tu. Nikimwambia hairudishwi, namtaka abebe hatari yote peke yake. Halafu hata Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ukiuza kwa picha na maneno, picha na maneno yako yana uzito.

Nilichobadilisha: nimeandika sharti la kurudisha kwa sentensi tatu na kulibandika juu kabisa ya ukurasa. Kiatu kikiwa tofauti na picha, au nimekosea namba, nijulishe ndani ya siku tatu tangu upokee, nitarudisha hela na nauli ni yangu. Ukikosea namba wewe, nakubadilishia ila nauli ni yako. Kikishavaliwa nje, biashara imeisha. Niliogopa watu watarudisha ovyo. Hadi leo wanaorudisha ni wachache, na dada mmoja wa Morogoro niliyemrudishia hela ya kiatu nilichokosea namba sasa ananunulia na watoto wa shemeji yake.

2. PESA ILIYOINGIA KWENYE SIMU

Huu ni mfululizo uleule wa Tim Harford, kipindi kinaitwa M-Pesa. Utasema, "M-Pesa naijua, natumia kila siku." Hata mimi nilisema hivyo.

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom wakaileta kwetu Tanzania 2008. Lakini ilivyojaribiwa mwanzo, 2005, haikuwa ya kutumiana hela. Ilikuwa ya wakopaji wa mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Watu wakaigeuza. Wakaanza kutumiana wao kwa wao, wengine wakaweka hela kwenye simu kabla ya safari na kuitoa wakifika, wasiporwe njiani. Na kabla ya hapo watu walikuwa tayari wanatumiana vocha kama hela. Wenye mradi wakaangalia watu wanavyoitumia, wakafuata huko.

Kuna kisa kingine kwenye kipindi hicho kinatoka Afghanistan. Mwaka 2009 polisi wa huko walianza kujaribiwa kulipwa mishahara kwa simu badala ya kupewa fedha taslimu. Baadhi yao walidhani wameongezwa mshahara kwa asilimia 30! Kumbe hawajaongezwa kitu. Ndo mara ya kwanza mshahara wote kuwafikia bila wakubwa kumega njiani. Pia ikagundulika kuna mishahara ilikuwa inakwenda kwa polisi wasiokuwepo.

Somo langu la kwanza: mtazame mteja anavyotumia kitu, sio ulivyotaka akitumie. Mimi nilikuwa nawalazimisha watu wajaze oda kwa mpangilio niliouweka: jina, namba ya kiatu, rangi, mkoa. Wao wananitumia sauti tu WhatsApp. Nikaacha kubishana. Sasa nasikiliza sauti, mimi ndo naandika oda, kisha namtumia aithibitishe.

Somo la pili ni kwamba hela iliyopita kwenye simu inaacha alama. Nimetenganisha laini ya biashara na laini ya nyumbani, na nimechukua lipa namba. Mwisho wa mwezi naona kilichoingia. Zamani hela ya kiatu ilikuwa inageuka unga na mkaa, halafu najiuliza mtaji umekwenda wapi.

3. TAPELI NAYE ANA OFISI

Hiki kiliniuma kwa sababu mnazojua. Kinaitwa Long Distance, kina sehemu mbili, kilitoka 2017 kwenye podikasti ya Reply All iliyokuwa ikiendeshwa na PJ Vogt na Alex Goldman.

Alex anapigiwa simu na mtu anayejifanya fundi wa kompyuta, anamwambia akaunti yake imeingiliwa. Alex anajua kabisa huyu ni tapeli, ila badala ya kukata simu anaanza kumhoji. Anampigia tena na tena. Kidogo kidogo anapata habari za kampuni iliyo nyuma ya simu ile, na sehemu ya pili anafunga safari mpaka India.

Kinachoonekana humo ni kwamba utapeli ule ulikuwa kazi ya watu wengi wenye ofisi. Kuna wapiga simu na kuna maneno ya kusema. Na silaha yao kubwa ni kukuharakisha. Wanakutisha ili usipate dakika moja ya kufikiri.

Nikakumbuka bodaboda yangu na gari linaloondoka. Yule wa Singida alijua muda wa basi kuliko mimi. Alinipigia mara tatu ndani ya robo saa, "Dada, vipi, umeona meseji? Mtoto anasafiri kesho." Hakunidanganya kwa akili nyingi. Aliniharakisha tu.

Sasa haya ninayafuata, na naomba na wewe uyafuate:

Kwanza, malipo nathibitisha kwa kuangalia salio au orodha ya miamala kwenye menyu ya simu. Meseji pekee haitoshi, na picha ya skrini aliyotuma mteja ndo kabisa haihesabiki.

Pili, mzigo haupakiwi kwenye pikipiki kabla ya hapo. Gari likiondoka, kuna gari la kesho. Hapa kwetu kando ya Barabara ya Morogoro mabasi hayaishi.

Tatu, mtu akisema "nimekosea kutuma, nirudishie", simrudishii mwenyewe kwa mkono. Namwambia apige huduma kwa wateja ya mtandao wake arudishiwe kwa utaratibu.

Nne, ukipata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ripoti TCRA kwa kuipeleka kwenda 15040, kisha fuata maelekezo. Na piga *106# uone kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA bila wewe kujua. Mfanyabiashara anayetoa nakala ya kitambulisho huku na kule anatakiwa aangalie hili mara kwa mara.

4. SAFARI YA FULANA MPAKA GIKOMBA

Wauza mitumba, hiki ni chenu. Kinaitwa The Afterlife of a T-Shirt, cha podikasti ya Planet Money ya NPR, Marekani, kilitoka 2013.

Mwaka huo Planet Money waliamua kutengeneza fulana yao wenyewe na kuifuatilia hatua kwa hatua. Hela walichangiwa na wasikilizaji wao. Pamba ilitoka Marekani, fulana za wanaume zikashonwa Bangladesh, za wanawake zikashonwa Kolombia. Halafu wakajiuliza: fulana ikichokwa inakwenda wapi? Swali hilo likawaleta Afrika Mashariki, wakaingia soko la Gikomba, Nairobi.

Nilikipenda kwa sababu kinaonesha kazi iliyopo kati ya belo na mteja. Sisi tunajiona ni watu wa mwisho kabisa, tunaokota kilichotupwa. Lakini nguo ile inafunguliwa, inachambuliwa, inapangwa kwa gredi, inafuliwa, inapigwa pasi, fundi anaibana ikae kwenye mwili wa mtu wa huku. Kila mkono ulioigusa umeiongezea thamani. Mkono wako na wangu pia upo humo.

Kipindi hiki kinaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka yaliyokuja baadaye. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vikue. Marekani ikatishia kuzifungia nchi hizo nafuu ya ushuru ya mpango wa AGOA. Nchi nyingi zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Kwa hiyo bei ya belo unalofungua Karume inaweza kuguswa na maamuzi ya mezani ya watu usiowajua. Ndo maana siweki mtaji wote kwenye mtumba. Viatu vipya vya watoto ni mguu wangu wa pili.

Nilichobadilisha hapa ni maelezo ya picha. Zamani niliandika "gauni kali, gredi ya kwanza, wahi". Sasa naandika kitambaa ni nini, urefu kwa sentimita, kifua kwa sentimita, na kasoro ikiwepo naipiga picha. "Kifungo kimoja nimebadilisha." Mwanzoni niliona kama najiharibia. Kumbe mteja akiona umetaja kasoro ndogo, anaamini na yale mazuri uliyoyasema.

5. SAUTI YAKO NI KIBANDA CHAKO

Cha mwisho kinatoka podikasti ya Twenty Thousand Hertz ya Dallas Taylor, inayohusu sauti tu. Kipindi ni cha mwaka 2020, kinaeleza ule mlio wa Netflix unaosikika kabla ya filamu, "tu-dum".

Mlio wenyewe ni wa sekunde chache, lakini nyuma yake kuna majaribio mengi. Kuna wakati walifikiria kumalizia na mlio wa mbuzi! Ndani ya mlio uliochaguliwa kuna sauti ya pete ya ndoa ikigongwa kwenye kabati la chumbani. Kazi yote ile ni ili mtu aliye jikoni asikie na ajue nini kimeanza.

Nikasema, hawa wanatumia gharama kubwa kujifunza kitu ambacho mtaani kwetu kipo siku zote. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, hasemi neno, nawe umejua ni yeye. Wapaka rangi kucha wanagonga chupa zao. Fundi viatu anagonga boksi lake. Hakuna aliyewafundisha darasani. Sauti ndo kibanda chao.

Mimi na wewe kibanda chetu ni simu. Kwa hiyo video zangu zote sasa zinaanza kwa namna moja: nagonga soli mbili za viatu, pa pa, halafu nasema "Misugusugu hapa". Basi. Sitafuti wimbo mpya unaovuma kila wiki. Wiki iliyopita mteja alinipigia, na kabla ya salamu akasema, "Pa pa!" Nikacheka mpaka nikakaa chini.

UTAVISIKILIZAJE BILA KUMALIZA BANDO?

Sauti ya kawaida ya podikasti inakula karibu MB 1 kwa dakika moja. Kipindi cha Harford ni MB 9 au 10, yaani chini ya video fupi chache unazopitisha bila hata kukumbuka ulichoona. Pakua mara moja ukiwa na bando la usiku au Wi-Fi ya mtu, halafu sikiliza ukiwa umezima data. Kwenye mipangilio ya programu, zima ile ya kupakua vipindi vyote chenyewe, la sivyo utaamka bando limekwisha.

Najua mtasema, "Dada, hivyo vyote ni Kiingereza." Ni kweli, na mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nafanya hivi: napunguza kasi ya sauti mpaka 0.8, na vipindi vya NPR vina maandishi yake mtandaoni, nayasoma kwanza kisha nasikiliza. Mara ya kwanza nashika nusu, mara ya pili nashika kisa chote. Kama unataka kuanza na Kiswahili kabisa, tafuta Noa Bongo ya DW Kiswahili. Ni michezo ya kuigiza ya sauti yenye mafunzo ya maisha, mfululizo ulioanza 2008, na unaweza kusikiliza na watoto nyumbani.

Sasa niwaambie ukweli. Ile 85,000 haikurudi, na sitegemei irudi. Hakuna kipindi kitakachokurudishia hela yako. Ila nilikuwa nimefika mahali pa kuwaadhibu wateja wazuri kwa kosa la mtu mmoja, na hiyo ilikuwa inanigharimu zaidi ya jozi nne za viatu. Ward aliitwa tapeli gazetini, akaweka ahadi na kuitimiza. Mimi nimeweka utaratibu: hela nathibitisha bila haraka, maelezo nayatoa bila kuficha, mzigo ukikosewa nauchukua. Utaratibu ndo unaomshughulikia tapeli. Kwa hiyo mteja namjibu kwa upole, kwa sababu sina tena haja ya kumuogopa.

Ukiwa na oda ya kufunga leo, anza na namba 1. Dakika tisa tu. Kisha fungua ukurasa wako, usome sharti lako la kurudisha kama vile wewe ndo mteja uko Kigoma na hela ni ya mwisho mfukoni. Ungenunua?